Veston ya ku Karte

Nianze na aibu yangu: siku jirani alikuwa anangojea unga wangu ku gare ya train na batoto bane, ule unga mi nilikuwa nauvaa ku mabega. Ilikuwa veston, koti ya kahawia, na butoni zenye kuangaza.

Tulikuwa tunaikala Kapata, nyumba kwa nyumba. Kompani ilitupatia karte: unachukua kitu ku kantini, mwisho wa mwezi banakata ku mushahara, ao ku gunia yako ya unga ya kila mwezi. Mi niliachaka masomo mbele bafundishe kutoa. Kujumlisha tu njo nilijua.

Jirani, muntu wa jimbo ya Kasai, alikuwa analipaka karte yake yote kila mwezi. Nilikuwa namucheka: "Tata, unaogopa karte sawa nyoka!" Lakini unga ulipoisha kwangu, njo yeye alinikopesha gunia.

Kisha kazi ikaanguka, mishahara ikakawia, bantu ba Kasai bakaanza kufukuzwa barudi kwabo. Yeye akapeleka bibi na batoto ku gare, balale pale inje, bangojee train. Lundi, jumatatu, akakuja kwangu.

"Ndugu, ule unga wangu. Batoto batakula nini mu njia?"

"Kesho, tata! Kesho bila kukosa!"

Na nilijua: veston ilikuwa imekula karte yangu miezi tatu. Haya ilinifunga kinywa.

Kesho yake nikaenda ku kantini kujaribu, na veston yenyewe ku mwili. Karani akaangalia karte, akaniangalia ku mabega.

"Gunia yako balishaikata, tata. Si njo hii umevaa?"

Bantu bote ku laini bakacheka. Hata mi nilicheka, juu ningefanya nini?

Nikaipeleka ku soko ya Manika niuze. Chini kulijaa maveston, masufuria, bitanda bya bale benye kufukuzwa. Hakuna muntu aliniuliza hata bei.

Siku mbili nilijificha. Vandredi, ijumaa, nikafika ku gare na veston ku mukono, bila unga. Jirani akaipokea, akafunika nayo mutoto wake mudogo, mwenye alikuwa na homa. Hakupandisha sauti.

"Ungeniambia tu lundi," akasema. "Lundi kulikuwa bado muntu mwenye alitaka kunipa unga kwa kinga yangu, ile baiskeli. Nilimukatalia. Nilimwambia: niko na unga kwa ndugu yangu, Kapata."