Simu Saba Juu ya Kitambaa

Mlangoni kwa Mama Pindo pana kibao cha bati chenye maandishi mekundu: HAPA UNAPIMWA MARA MOJA TU. Wageni hudhani ni kitisho. Watu wa mtaa wanajua ni majigambo. Mama Pindo, fundi wa nguo za kike, akishakuzungushia tepu siku ya kwanza, hakugusi tena. Ukirudi baada ya miaka sita na kitambaa kipya, anakipokea, anakuuliza mikono mirefu au mifupi, na mazungumzo yameisha. Siku ya kuchukua gauni lako linakukaa kana kwamba ulizaliwa nalo.

Siri ya ufundi huo ilikuwa imelala mezani kwake mchana kweupe. Kwenye meza ya kukatia zilipangwa simu saba kuukuu, zile nene za vibonye, kila moja imepigwa namba mgongoni kwa rangi ya kucha. Mteja aliyeziona alifikiri ni za kukandamizia kitambaa kisiteleze. Kweli, zilifanya kazi hiyo, tena vizuri kuliko mawe. Lakini Mama Pindo alikuwa na lake. Kila alipompima mtu, aliandika jina lake kwenye simu kama anayeandika namba ya rafiki, na mahali pa namba akaweka kifua, kiuno na nyonga, bila nafasi katikati. Simu ilipozeeka alinunua nyingine, na ile ya zamani ikahamia mezani pamoja na wateja wake wote.

Mara moja tu mpango huo ulimtia aibu. Kidole kiliteleza, akajikuta amepigia nyonga za mke wa mchungaji. Sauti ikamwambia kwamba namba anayopiga haipo.

"Ipo," Mama Pindo aliijibu simu. "Jana imekuja hapa kuchukua sketi."

Jirani yake wa ukuta mmoja ni fundi simu, mtu wa makamo mwenye miwani inayokaa puani kwa huruma tu. Mtaa mzima unamwita Daktari. Nje ya kibanda chake ameweka boksi kubwa lenye maandishi ya kalamu nene: SIMU ZILIZOKUFA ZIPUMZIKE HAPA. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi gari la kiwanda kimoja huja kulichukua, na huko kiwandani simu hufunguliwa, kila kitu kikatengwa na kutumika upya. Daktari alikuwa ameshazililia zile saba hadi machozi yakamkauka.

"Mama, hizo maiti utazizika lini?"

"Zako ndizo maiti, Daktari. Zangu zimesinzia."

"Zimesinzia tangu mimi nikiwa sina miwani?"

"Na ukiendelea kuzipigia kelele, zitaamka zikupige makofi."

Basi ikawa hivyo mwaka hadi mwaka, yeye akiomba, Mama Pindo akimchekea, na lile boksi likijaa simu za watu wengine.

Mambo yaligeuka Jumatano moja. Wifi yake Mama Pindo, dada wa mumewe, alikuwa amepandishwa cheo kuwa mwalimu mkuu, na Jumamosi angesimama mbele ya wazazi wote kukabidhiwa shule. Walimu wenzake walimnunulia kitambaa cha kijani kibichi, kizito, chenye mng'ao wa mbali, kipande cha mwisho dukani. Wifi alikileta mwenyewe, amekikumbatia kama kichanga.

"Wifi, ukikiharibu hiki, nitaenda kumwambia kaka yangu akurudishe kwenu."

"Kaka yako hajui hata kuchemsha maji. Akinirudisha kwetu, utakuja wewe kumpikia."

"Ndiyo maana nakuomba usikiharibu."

Walicheka, wakaagana. Mama Pindo akakitandaza kitambaa mezani, akapanga simu zake pembeni, na kuinua namba tano, kwa kuwa wifi yake aliishi humo. Hapo ndipo macho yalipomtoka. Kifuniko cha nyuma kilikuwa kimejifungua chenyewe, na betri ndani yake imevimba kama andazi. Alibonyeza kitufe cha kuwashia. Kimya. Akabonyeza tena kwa nguvu, akiwa ameuma ulimi. Kimya kile kile.

Daktari alipoletewa mgonjwa, aliivua miwani, akaivaa tena, kisha akarudi nyuma hatua moja.

"Mama Pindo, hii umeiweka juu ya nguo za watu?"

"Nilitaka uichaji kidogo tu. Dakika tano."

"Hata mama yangu mzazi akiniomba, hii siitii kwenye umeme. Betri ikivimba namna hii inaweza kuwaka moto. Ungekuja kesho ukakuta kibao chako kinaning'inia peke yake."

Aliitoa betri taratibu kwa kijiti cha plastiki, akailaza kwenye kopo lenye mchanga mkavu ambalo huliweka mbali na kila kitu, akarudi akijifuta mikono. "Tena betri hizi usizitupe jalalani. Zikipondwa huko zinawasha takataka zote, na sumu yake inashuka ardhini hadi kwenye maji tunayokunywa. Zipo za namna hii kwenye kabati za mtaa mzima, mama, na kila mtu anadhani yake imesinzia."

"Betri nyingine huna?"

"Ya aina hii? Nitatafuta. Labda Ijumaa."

Ijumaa! Gauni halikatwi Ijumaa likavaliwa Jumamosi asubuhi. Njia iliyobaki ilikuwa moja, kumpima wifi upya, na Mama Pindo alijua vizuri maana yake. Wifi angefika shuleni kabla ya kengele, na kufikia saa ya mapumziko walimu kumi na tisa, wote wateja, wangejua kwamba kibao cha bati kinasema uongo. Miaka ishirini ya jina zuri ingeondoka na tepu moja. Na akikata vibaya, kipande kingine hakipo.

Alhamisi wifi alipopita kuangalia kitambaa chake, alipokewa mlangoni kwa kukumbatiwa. Si kukumbatiwa kwa kawaida. Mama Pindo alimzungushia mikono kifuani, akatulia, midomo ikichezacheza. Halafu akashusha mikono kiunoni.

"Wifi," mwalimu mkuu mtarajiwa alisema polepole, "kuna mtu amekufa?"

"Nakupongeza tu."

"Ulinipongeza jana."

"Jana nilikupongeza kifua... kifua mbele, kwa fahari. Leo napongeza kwa utulivu." Akajaribu kushuka kwenye nyonga.

Wifi alianza kucheka, akajipinda kama samaki aliyevuliwa. Vidole vikapotea njia na hesabu ikafutika. "Niache, nina vipindi! Huyu mwanamke leo ameamkia upande gani?" Akaondoka akijifuta machozi ya kicheko, mkoba begani. Mama Pindo alibaki mlangoni akimwangalia hadi alipokata kona.

Alirudi mezani, roho mkononi. Simu sita zilimtazama kwa vioo vyao vyeusi, hakuna iliyokuwa na la kumsaidia. Alitandaza kaniki ya kujaribia juu ya meza, akashika chaki. Akafumba macho, akamwona wifi yake akiingia: bega la kushoto limeshuka kidogo kwa sababu ya miaka ya kubeba mkoba wa madaftari, kiuno kimeongezeka tangu mtoto wa mwisho, mwendo wa mtu anayeisikia kengele kila wakati. Chaki ikaanza kwenda. Alipofumbua macho, mstari ulikuwa umeshafika kwenye pindo. Akachukua mkasi, akakata kaniki kwanza, kisha kitambaa cha kijani.

Ijumaa jioni wifi aliingia nyuma ya pazia na gauni mkononi. Mama Pindo alijifanya anasafisha cherehani iliyokuwa safi tangu asubuhi. Ukapita muda, mrefu kuliko ushonaji wenyewe.

Pazia likafunguka. Gauni la kijani lilikuwa limemkaa wifi mabegani sawasawa, hata lile la kushoto, likabana panapotakiwa, likaachia panapostahili. Wifi aligeuka mbele ya kioo, akageuka tena kuutazama mgongo.

"Wewe mwanamke," alisema hatimaye, "nikiingia na hili, hata watoto wa darasa la kwanza watanyamaza."

Mama Pindo aliketi.

Wakati huo huo Daktari akaingia bila hodi, anapunga simu namba tano. "Nimepata betri ya kuazima! Imewaka! Mama, vipimo vyako vyote vipo, huyu hapa Wifi!" Na kabla Mama Pindo hajamkata jicho, akasoma kwa sauti: "Tisa sita, saba nane, moja sifuri nne."

"Ni nini hicho?" wifi aliuliza.

Hakukuwa na pa kujificha. Mama Pindo akakiri yote, simu, namba na ule upongezaji wa Alhamisi. Wifi alicheka hadi Daktari akamtahadharisha kuhusu mishono. Kisha akanyoosha kidole.

"Subiri. Kiuno ni kipi hapo?"

"Sabini na nane," Daktari alisema.

"Mmesikia! Mmesikia wenyewe! Na kaka yangu anasema nimenenepa."

Daktari, ambaye hajui kuacha jambo likapita, alichukua tepu ukutani, akalipima gauni la kumjaribia lililobaki mezani, lile Mama Pindo alilolikata kwa kitambaa cha kaniki kabla ya kugusa la kijani. Akatia kidole penye kiuno na kusoma. Akasoma tena. "Mama, mbona hapa ni tisini na sita?"

Mama Pindo alimnyang'anya tepu.

"Ni ziada ya fundi," Mama Pindo alisema.

"Sentimita kumi na nane?"

"Na lile gauni langu la mwaka jana?" wifi aliuliza kwa sauti ndogo. "La bluu?"

"Nalo nilisoma sabini na nane humo humo kwenye simu."

"Ukakata ngapi?"

Kwa mara ya kwanza Mama Pindo alijiuliza mwenyewe. Kila mara alisoma namba, akamtazama mteja akiingia mlangoni, kisha chaki ikaenda ilikotaka, naye akaiita ziada. Miaka yote hiyo alikuwa akizilinda simu saba, akizichaji kwa zamu, akizifuta vumbi, na kumbe hakuna hata moja iliyowahi kumsikiliza.

"Nilikata linalokutosha," alisema. Akainuka, akazikusanya zote saba kwenye aproni yake, akazimwaga mbele ya Daktari kwa kishindo. "Chukua. Gari si linakuja kesho? Ila kwanza futa kila kitu. Humo mna nyonga za watu, Daktari. Sitaki zifike kiwandani."

"Natoa laini, nafuta kumbukumbu, mbele ya macho yako," Daktari alisema, naye hakuamini bahati yake. Alipokuwa akibonyeza, alieleza bila kuulizwa kwamba ndani yake mna shaba, na chembe ya dhahabu ndogo kuliko kichwa cha pini, vitu ambavyo mtu mahali fulani amevichimba kwa jasho, navyo vimelala hapa vikikandamiza kaniki. Mama Pindo alimsikiliza kwa adabu isiyo ya kawaida yake.

Ilipofika zamu ya namba tano, wifi aliweka mkono juu yake.

"Hii isiende."

"Wifi, hiyo betri ni ya kuazima."

"Humu ndani mimi ni sabini na nane! Huu ni ushahidi. Ukifutwa, nitamwonyesha nini kaka yangu?"

Mama Pindo alimwangalia wifi yake ndani ya gauni lile la kijani, mwalimu mkuu mzima, ameng'ang'ania simu isiyo na kifuniko. Akachana kipande cha karatasi ya kuchorea mikato ya nguo, akaandika kwa chaki, kwa tarakimu kubwa nzuri: KIUNO 78. Akampa.

"Hii haivimbi," alisema.

Wifi aliisoma, akageuza upande wa pili. "Hujaandika tarehe."

"Unataka niandike ya siku ile niliyokupima?"

Wifi aliikunja karatasi mara nne, akaitia kwenye mkoba wake wa madaftari, na akauondoa mkono juu ya simu.

Siku hizi kitambaa cha Mama Pindo kinakandamizwa na nati saba kubwa alizopewa na mchomeleaji wa ng'ambo ya barabara. Chini ya meza pana boksi dogo, mtoto wa lile la Daktari, na mteja akileta kitambaa huulizwa mikono mirefu au mifupi, kisha huulizwa kuna simu ngapi zimesinzia kabatini kwake. Wengi husema hakuna. Wiki inayofuata hurudi na tatu, wameinamisha vichwa. Hata kibao kimeguswa: mchoraji alifuta neno moja na kuandika lingine, na sasa kinasomeka HAPA UNATAZAMWA MARA MOJA TU. Wageni hudhani ni kitisho zaidi. Wifi yake, kila anapopita mbele ya kibao hicho, huvuta tumbo ndani.