Gari Lililokosa Pumzi

Fundi alipata habari zake mwenyewe kutoka kwa muuza vipuri.

"Mdogo wako anasema umemuulia injini. Kasema kwenye mashindano, watu wote wakisikia."

Fundi alifuta mikono kwa tambara mpaka vidole vikauma. Injini ya gari lile dogo jekundu la mashindano aliifunga yeye, boliti kwa boliti, na ndiye aliyemfundisha huyo mdogo wake kuendesha kabla hajaota ndevu. Madereva wenzake walimwita Upepo, na jina lilikuwa limempanda kichwani.

Asubuhi hiyo hiyo Upepo akaingia gereji, gari likijikokota kama limebeba mchanga.

"Shikamoo, dada. Turbo imekufa. Nibadilishie."

"Nani kasema imekufa?"

"Nakanyaga mafuta mpaka mwisho, mshale wa presha haufiki hata nusu. Na wewe ndiye uliyeifunga."

"Ndiyo maana ukaenda kunitangaza?"

Upepo akatazama viatu vyake. "Nilikuwa na hasira."

"Hasira! Mimi sina? Kaa pale. Usiguse kitu."

Alianza na turbo yenyewe, ile feni inayoisukumia injini hewa, maana ndiyo iliyoshtakiwa. Akavua mpira wa hewa, akazungusha feni kwa kidole. Ilizunguka laini, haichezi wala haivuji mafuta. Nzima kabisa. Basi akaziba mdomo wa turbo, akaingiza upepo wa kompresa taratibu, akapulizia maji ya sabuni kwenye kila kiungo cha njia ya hewa. Viungo alivyovifunga yeye vilitulia. Karibu na betri, povu likafura na kutapakaa. Akainama. Palikuwa na valvu ya buluu inayong'aa, ambayo hakuwahi kuiona.

"Hii nini?"

"Ya kupumulia. Ukiachia mafuta inalia pshaa! Watu wanaipenda."

"Nani kaifunga?"

Upepo akageukia mlango.

"Nakuuliza wewe!"

"Mimi."

Springi yake ilikuwa legelege. Hewa iliyosukumwa na turbo ilitorokea hapo kabla ya kufika kwenye injini.

"Umelikata gari pumzi ili lipige mluzi, halafu ukanipaka matope mimi!"

Simu ikaita. Mama yao, habari za mashindano zimeshamfikia. "Mwanangu, usimgombeze sana mwenzio. Unajua alivyo."

"Najua alivyo, mama. Ndiyo maana nagomba."

Valvu ya zamani aliikuta kwenye buti, chini ya tairi la akiba. Akaisafisha, akaifunga na gasketi mpya, akashika usukani mwenyewe. Barabarani mshale ulipanda ukatulia mahali pake, na migongo yao ikabanwa kwenye viti. Upepo akapiga kofi dashibodi.

"Dada, wewe kiboko!"

Dada hakucheka. Hakurudi gereji, alikata kona hadi kituo cha mafuta ambako madereva wa mashindano walikuwa wakipiga soga, akazima gari, akatia ufunguo mfukoni.

"Ulisema mbele ya watu. Nenda ukanushe mbele ya watu."

"Si yaishe tu, dada?"

"Hayaishi."

Upepo akawasogelea, akanong'ona kitu.

"Sema kwa sauti. Hawajasikia."

"Nilifunga valvu ya mbwembwe mwenyewe! Turbo haina kosa. Dada hana kosa."

Mmoja akaangua kicheko, wengine wakafuata. Fundi akambwagia mdogo wake ufunguo kiganjani, akarudi gereji kwa miguu, bado damu inamchemka.