Chupa ya Maji Kliniki ya Viungo

Juzi nilimpeleka mamangu kliniki ya viungo. Mbele yetu alikuwa mama mmoja kutoka mtaa wa Lucky Summer, fundi wa cherehani katika kiwanda cha nguo. Pazia lilikuwa limefungwa nusu, kwa hiyo tuliona na kusikia kila kitu.

“Nibane vidole, mama,” nesi akamwambia.

Akabana mpaka mishipa ya shingo ikamsimama.

“Inauma?”

“Hata kidogo. Kwani hayo unayoandika yanapelekwa kiwandani?”

“Hayatoki hapa.”

“Wote husema hivyo.”

Nesi akampa chupa ya maji ambayo haijafunguliwa. Mama yule aliitazama, akatutazama sisi, kisha akafungua kifuniko kwa meno.

Nesi akaweka kalamu chini. “Tuanze upya. Dawa napima kwa maumivu yako, si kwa ujasiri wako.”

Tumezoea kumficha bosi ugonjwa hadi tunamficha hata anayeutibu. Nilikuwa tayari kumcheka mama yule, lakini alipotoka alisimama mbele yangu.

“Na wewe unafanya kazi wapi?”

“Naandika gazetini.”

Akaficha mikono yote miwili ndani ya leso aliyojifunga. Na kama unavyoona, hakukosea.