Nyuki wa Nyumba ya Askari

Enzi zetu, wenzangu mliokula chumvi kama mimi, mwali hakutajwa. Siku hizi mwali anawekwa ndani Ijumaa, Jumapili ametoka, Jumatatu yuko sokoni anapatana bei ya vitunguu, na bado tunaitwa kwenda kumtunza. Wa kwetu alikaa ndani mwaka mzima, na mwaka huo hata baba yake mzazi hakulitamka jina lake. Ungeuliza nyumbani mko wangapi, angehesabiwa kila mtu, pengine hata paka, lakini yeye angerukwa. Ndivyo serikali ya Wadachi ilivyoinunua nyumba yetu hapa Morogoro na dada yangu yumo ndani.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya upande wa mama, kama desturi yetu Waluguru, na msemaji wake alikuwa mjomba. Ilikuwa ya udongo, kuta nene, vyumba sita, na baraza iliyosuguliwa kwa makalio ya watu mpaka ikang'aa. Asubuhi ukitoka nje uliiona milima imejifunika mawingu mpaka kiunoni, na uani kunanukia mahindi ya kuchoma. Tulicheza mdako barazani na kombolela kuizunguka nyumba, mpaka bibi atoke na mwiko. Akimkuta mtoto wa kike amekaa kizingitini, alikuwa na neno lake moja, "Mlango si kiti," na mwiko ulifuata kabla hujajibu.

Mimi nilikuwa na miaka kama saba, kwa hiyo niliruhusiwa kuingia kwa mwali. Dada yangu Mwanaidi alikaa chumba cha nyuma, chenye kidirisha cha ukubwa wa kiganja, kimezibwa kwa kitambaa. Nilimpelekea ugali na mlenda, naye alinibakizia ukoko, ndiyo maana nilinenepa kuliko yeye. Alikatazwa kupaza sauti, basi tulicheka kwa kubana pua. Mchezo wetu mkubwa ulikuwa kuvumia ndani ya mtungi mtupu, kwa zamu, tuone nani ana pumzi ndefu. Nilishindwa kila siku na nikanuna kila siku.

Reli ilipofika mjini, askari wakawa wengi, na boma halikuwatosha. Bwana Shauri, yule Mdachi mkubwa wa wilaya, akaipenda nyumba yetu kwa kuwa ilikuwa karibu na boma. Akamwita mjomba, akamtajia bei nzuri, na karani akauliza wanaoishi humo ni wangapi. Mjomba akahesabu kwa vidole: watano. Hakusema uongo, alihesabu kama mwanamume mwenye adabu zake. Akaulizwa mtahama lini, akasema baada ya siku saba, akarudi nyumbani anatembea kifua mbele.

Bibi alikuwa anamenya ndizi. Alimsikiliza mpaka mwisho, akaweka kisu chini.

"Na yule?"

Mjomba akashika kichwa. Mwali alikuwa amebakiza siku kumi na moja. Kungwi alikwisha kuagizwa kutoka mlimani, na ngoma ilikwisha kutangazwa. Mwali akionwa na mwanamume kabla ya siku yake, mwaka mzima umemwagika: angesimangwa kisimani mpaka uzee wake, na nani angekuja kuposa nyumba hiyo? Kumhamisha nako hakukuwezekana, kwa sababu kila njia ilipita sokoni au mbele ya askari wanaopiga gwaride. Mjomba alitaka arudi bomani aombe siku nne zaidi, lakini angesema ni za nini? Kumweleza Mzungu habari ya mwali kupitia kinywa cha karani ni sawa na kuipigia mbiu. Mama alilia siku hiyo, na mimi nikalia kwa kumwona yeye analia.

Siku ya saba akaja Ombasha Feruzi, koplo wa askari hao, Mnyamwezi mrefu, bunduki begani, na nyuma yake mkewe, Bi Sikujua, na kitanda, na masufuria, na kuku watatu. Bibi akasimama mlangoni akasema nyumba haijawa tayari. Ombasha akauliza kwa upole ina nini, bibi akarudia kwamba haijawa tayari. Wakasimama hivyo, yule na bunduki, yule na mwiko, mpaka Bi Sikujua akatua mzigo wake akaomba kuingia yeye peke yake. Alikaa ndani kidogo tu. Alipotoka alikwenda moja kwa moja katikati ya ua, akapanga mafiga matatu, akawasha moto.

"Bwana Feruzi," akamwambia mumewe, "humo haingii mwanamume mpaka nikuambie. Wala usiniulize."

Askari yule alikuwa amepigana vita, watu walisema, lakini hakuuliza. Wakalala uani chini ya turubai. Mvua ya Uluguru mnaijua, haina adabu. Iliwashukia usiku na mchana. Bibi akawapelekea ndizi na togwa, na kwa kuwa Wanyamwezi ni watani wetu, akamwita Ombasha kuku wa nne. Naye mchana alitupanga watoto mstari, kila mmoja na bua lake begani, akatufundisha gwaride. Mpaka leo miguu yangu inakumbuka.

Siku ya tatu ya turubai, Bwana Shauri akapita juu ya nyumbu wake. Mimi nilikuwa ndani namlisha dada. Tulisikia kwato zinasimama, kisha sauti yake, kwa Kiswahili chake cha kukatakata, ikiuliza kwa nini serikali imenunua nyumba na askari wake analala kwenye matope.  

"Ni nyuki, Bwana Mkubwa," Ombasha akasema. "Wameingia ukutani."

Viatu vikaanza kuzunguka nyumba, polepole, vikija upande wetu. Dada akajifunika kaniki gubigubi. Kivuli kikasimama kwenye kidirisha. Kilichobaki kati ya dada yangu na aibu ya maisha kilikuwa kile kitambaa tu. Sijui nilipata wapi akili: nikashika mtungi, nikaweka mdomo, nikavuma. Nikavuma mpaka macho yakanitoka, lakini pumzi ya mtoto ni fupi, ikaanza kukatika. Hapo mkono ukatoka ndani ya kaniki ukaninyang'anya mtungi. Dada Mwanaidi, aliyenyamazishwa mwaka mzima, akavuma kwa niaba ya mwaka wote huo. Hata mimi niliogopa kuumwa.

Kivuli kikaruka nyuma. Tukamsikia Bwana Shauri, sasa kwa mbali, akiuliza hao watatoka lini. Bi Sikujua akamjibu bila kupepesa kwamba nyuki wa huku anawajua, watatoka keshokutwa, na watatoka na ngoma.

Na kweli walitoka na ngoma. Dada alitolewa nje ameng'aa kwa mafuta, macho chini, na askari watano walicheza uani kwetu mpaka kofia zikaanguka. Ombasha, alipojua ameloweshwa kwa ajili ya nini, alicheka mpaka akakaa chini, akamwambia bibi kwamba utani huo atalipiza. Jioni tukahamia upande wa mlimani na yeye akaingia nyumbani mwake.

Hakuwahi kulipiza. Vita vikaja, akaondoka na jeshi, Bi Sikujua nyuma yake na masufuria, na sikusikia habari zao tena. Nawakumbuka hawa wawili kila mvua ikianza kule juu.

Nyumba ipo, imeezekwa bati, ina makarani. Vitukuu wetu wana redio zinazoimba kutwa nzima, wala hakuna anayejua kukaa kimya, seuze kuvuma. Mwezi uliopita nilikwenda kumwamkia dada Mwanaidi. Sasa haongei, watoto wake mwenyewe amewasahau, na mjukuu wake akaniambia, "Bibi, usijisumbue, huyu hatujui tena." Nikaona mtungi wa maji pembeni, mtupu. Nikaupakata, nikavuma. Vijana wakacheka, wakaangaliana. Nami ni mzee, pumzi yangu imerudi kuwa ya mtoto. Haikufika mbali, ikakatika.

Mkono ukatoka ndani ya khanga, ukaninyang'anya mtungi.