Siku Niliyokizunguka Kisiwa cha Shangazi Mara Tatu

Enzi zetu kule Kitanga, mtoto ndiye alikuwa simu, tena simu isiyoishiwa chaji. Unaitwa, unapewa maneno, unayarudia mara mbili ili mkubwa aone hayajapotea, halafu unaondoka mbio. Nilitumwa chumvi, nilitumwa kaa la moto kwa jirani, nilitumwa kuuliza kama ng'ombe wa watu amezaa. Lakini hakuna nilikotumwa kulikonipagawisha kama kisiwani, nikiwa darasa la tatu. Wanangu wakisikia naianza hadithi hii wanatazamana, na mimi naiendeleza hivyo hivyo.

Shangazi Leokadia, dada yake baba, aliolewa na mvuvi wa huko chini kwenye mabwawa ya Malagarasi, pale mto unapotapakaa ukawa ziwa, na katikati ya mafunjo kuna visiwa vinavyokaliwa na watu. Sisi ni watu wa milimani. Maji kwetu ni kijito cha bondeni, unakivuka kwa hatua moja na viatu vikiwa mkononi, kama unavyo. Bibi yangu, mama yake shangazi, aliyaogopa maji mengi kuliko nyoka, kwa hiyo miaka minne ilipita hajamwona binti yake. Kila akichambua maharage alikuwa anauliza, "Watu wale wanalima wapi?" Hakuna aliyemjibu, maana hakuna aliyejua.

Ndipo habari ikaja kwamba shangazi amejifungua. Bibi akafunga maharage na unga wa muhogo wa kumpelekea mzazi, akaamuru baba mdogo avipeleke na mimi nifuatane naye. Asubuhi ya kuondoka aliniita jikoni.

"Baba yako mdogo ni mwanaume, ataangalia samaki," akaniambia kwa Kiha. "Wewe niangalizie mwanangu anaishije. Kitembee kisiwa chote kwa miguu yako. Ukiniambia pabaya, namrudisha nyumbani, yeye na mtoto wake."

Fikiria, miaka tisa, na ndoa ya mtu mzima iko mikononi mwangu. Niliogopa? Wala. Nilivimba kichwa mpaka nikasahau kumuaga mama.

Tulishuka na lori la mazao mpaka masikio yakaziba kwa mteremko, kisha tukapanda mtumbwi. Jamani, mtumbwi ule! Mwenyewe alisimama nyuma akiusukuma kwa upondo, na mafunjo yamesimama pande zote marefu kuliko nyumba, yanatoa harufu ya matope mabichi na samaki. Ndege weupe wakaruka kwa pamoja, nikapiga kelele, baba mdogo akanifinya. Na yeye alikuwa ameshika ukingo wa mtumbwi kwa mikono miwili kama mtu anayechungulia kisima. Nilimwona, nikanyamaza kwa heshima.

Shangazi alitupokea na kitoto mgongoni. Alikuwa amenenepa. Hilo nikaliweka akilini kwa ajili ya Bibi. Tukala ugali na perege wa mawese, samaki mzima mzima kila mtu na wake, jambo ambalo kwetu hata Krismasi halikutokea. Na hilo nikaliweka. Baada ya kula shangazi akanitazama sana.

"Mama kakutuma unichunguze," akasema.

Nikaangalia chini.

"Basi kachunguze. Kisiwa chenyewe hiki hapa. Urudi kabla sijapika cha jioni, kesho asubuhi mtumbwi unaondoka."

Nikatoka mbio. Nilitaka kuona kila kitu. Nyumba za matete zilikuwa zimebanana, njia katikati yake nyembamba, mchanga mweusi unaopika nyayo. Nyavu zimeanikwa kwenye miti, na watoto wenzangu wanaogelea bila nguo huku wakinicheka kwa kuvaa sweta. Kwetu hutoki bila sweta. Niliona mwanamke anashona wavu haraka kuliko mama anavyosuka ukili. Nikaona kanisa dogo la matete lenye kengele ya rimu ya gari, na hapo kisiwani hapakuwa na gari hata moja. Mpaka leo sijui rimu ile ilifikaje. Niliposhiba kuona, nikageuka nirudi. Kumbe sijui ninakotoka.

Naomba wasomaji wa milimani wanielewe. Kwetu hakuna kupotea. Nyumba yako iko juu au iko chini. Ukimuuliza mtu njia anakwambia panda, halafu shuka. Pale hakuna juu, hakuna chini, ni tambarare kama sinia. Nikatafuta kilima nipande nichungulie, nikakosa hata kichuguu. Ndipo nikakumbuka kanuni tuliyofundishwa wote tangu tunaanza kuchunga mbuzi: ukipotea, shuka mpaka uyaone maji, yafuate, yatakufikisha kwa watu wako. Nikajisifu kwa akili. Nikaenda ukingoni, nikayaweka maji mkono wa kushoto, nikayafuata.

Nikatembea kitambo kizuri, nikamkuta mama mmoja anageuza samaki juu ya kichanja cha moshi. Nikachutama, nikapiga makofi taratibu kama nilivyolelewa. "Mwidiwe, mama." Akaitikia vizuri, nikaendelea. Nikatembea weee. Nikamkuta mama mwingine anageuza samaki, kafanana na yule wa kwanza, nikadhani ni ndugu yake. Nikachutama, makofi, mwidiwe. Akaitikia, ila alinitazama kidogo. Nikatembea tena, sasa miguu inauma, jua linashuka, nawaza mtumbwi wa kesho na Bibi anayesubiri jibu. Nikamkuta wa tatu. Nikachutama, nikaanza kupiga makofi, na kabla sijafungua mdomo yule mama akaliweka chini koleo lake la miti na kucheka mpaka akakaa.

"Mtoto," akasema, "utanisalimia mara ngapi leo? Wewe si wa kwa Leokadia?"

Nikalia. Nilimuuliza kwa kwikwi amejuaje.

"Nani mwingine hapa anasalimia hivyo? Yeye alipoletwa bibi harusi alikizunguka hivi hivi, anafuata maji. Mara nne. Wewe umemshinda, zako tatu tu." Akanifuta uso kwa kanga yenye harufu ya moshi. "Siku ile amejifungua mimi ndiye nilimshika mgongo. Njoo."

Akanishika mkono, tukakizunguka kichanja chake. Nyumba ya shangazi ilikuwa nyuma yake, hatua kama kumi.

Nilirudi Kitanga nimejaa maneno. Nikamsimulia Bibi samaki wazima, shangazi kunenepa, nyavu, kengele, ndege. Akanisikiliza hana furaha. Nilipomaliza akauliza, "Kwa hiyo hawana shamba." Nikasema hawana. Akamgeukia baba mdogo, akamwambia ajiandae kwenda kumleta binti yake. Nilikuwa nimeificha ile aibu ya kupotea, maana ningechekwa shule nzima, lakini sikuwa na kitu kingine kilichobaki cha kusema. Nikaitoa yote, mpaka kilio.

Bibi akaacha kuchambua maharage. "Huyo mama alikuuliza jina lako?"

"Hapana, Bibi. Alisema tu mimi ni wa kwa Leokadia."

"Na ndiye aliyemshika mgongo?"

"Ndiye."

Bibi akamwambia baba mdogo, "Mwacheni. Ana watu." Hakuuliza tena habari za shamba mpaka alipofariki, na kila mavuno gunia la kwanza la maharage lilishuka kisiwani, nusu ya shangazi, nusu ya yule mama wa kichanja.

Siku hizi vijana wetu hawapotei. Kijana hatoki nje kwenda dukani bila simu kumwambia geuka kulia, na mtandao ukikata anasimama barabarani kama mbuzi aliyekatikiwa kamba. Binti yangu Neema amepanga Dar, ghorofa ya nne. Alinipigia simu ya video akanitembeza chumba kizima: vigae, friji, pazia, mpaka bomba la jikoni akalifungua nione maji yanatoka. Nikafurahi naye kweli. Halafu nikamuuliza jirani yake wa mlango wa pili anaitwa nani.

"Mama, huku hatujuani," akasema, akacheka.

Mimi sikucheka. Usiku ule sikulala vizuri, nikamwelewa Bibi kuliko nilivyowahi kumwelewa alipokuwa hai. Asubuhi nikakata tiketi ya basi na kufunga maharage kilo ishirini. Neema anadhani ni yake yote. Akienda kazini nitatoka kwenye korido ya ghorofa yao, nichutame, nipige makofi yangu taratibu, nianze na mlango wa pili.