Kalibu ya babu na kijiti kibichi cha mjomba

Wakuu, habari za humu.

Kuna swali lililoninyima usingizi tangu tumzike babu: risasi ya gobori inatakiwa iwe nene kiasi gani?

Najua wengine mtacheka. Mimi ni binti wa Bujumbura, nina licence, yaani digrii, ya uchumi, kazi sina, na bunduki sijawahi kuishika. Lakini haya yametokea nyumbani kwetu na nayaandika yalivyo. Anayezijua bunduki hizi ana ruhusa ya kunikosoa.

Babu, baba yake mama, alikuwa mwindaji huko ng'ambo ya ziwa, milima ya Fizi, Kongo. Vita vilipowakimbiza, gobori lilibaki kulekule kwa mwanawe, yaani mjomba wangu. Babu alivuka na kalibu tu. Kalibu ni chuma mfano wa koleo. Vichwa vyake viwili vikikutana vinaacha tundu la mviringo. Unamimina risasi iliyoyeyuka, inatoka duara.

Mjomba aliogopa kukutwa na bunduki, akaifukia. Kwa hiyo miaka yote hiyo gobori lililala udongoni Fizi, na kalibu ikalala Gasenyi, upande huu wa ziwa, chini ya kitanda cha babu.

Babu akafariki.

Kwenye ukoo wao matanga ya mwindaji hayafungwi kwa nyama ya kununua. Mrithi anaingia porini na bunduki ya marehemu, anarudi na mnyama, watu wanakula, ndipo wanatawanyika. Mjomba akafukua gobori, akatuma audio:

"Mupwa, nimesugua mututu na muchanga mupaka unang'aa kama sufuria ya bibi arusi. Sasa we unitengenezee risasi. Nakutumia kijiti cha kipimo."

Kijiti kilikuja na mama mmoja muuza dagaa anayevuka mpaka mara kwa mara. Mjomba alikuwa amekichonga kiingie mdomoni mwa mtutu bila kucheza.

Hapa niwaeleze kidogo, maana bila hili hamtaelewa hofu yangu. Babu alikuwa anasema: "Risasi haijazi mututu. Iko kama mutoto mu mugongo. Chenye kinamushika ni kitenge, si mbavu za mama."

Maana yake, risasi iwe ndogo kidogo kuliko tundu la mtutu, halafu ivikwe kitambaa kilichopakwa mafuta. Kitambaa ndicho kinachoishika. Ikiwa kubwa mno, inakwama katikati. Ikiwa ndogo mno, inateleza na kuondoka juu ya baruti. Kwa vyovyote nafasi ikibaki kati ya risasi na baruti, mtutu unaweza kukupasukia usoni.

Usoni mwa mjomba, wakuu. Mama hana ndugu mwingine.

Nikaenda Cibitoke kwa Papa Ramazani, fundi wa betri za magari. Mama alinionya: "Usifike pale unaita risasi, watu watakimbia. Sema plomb." Si mnajua Kiswahili chetu, madini, yaani hiyo plomb ya Kifaransa, na kinachoua vina jina moja: risasi. Basi nikafika, nikainama, nikanong'ona, "Papa, naomba plomb."

Mzee akacheka mpaka kofia ikasogea. "Binti, mbona unanong'ona kama unanunua bangi? Sema risasi! Hapa tunayeyusha risasi tangu baba yangu."

Akanimiminia moja ya majaribio kwa kalibu ya babu. Nilipoifunga kitambaa na kuilinganisha na kijiti, vilikuwa sawasawa kabisa. Nikaipeleka nyumbani. Mama aliishika kiganjani muda mrefu, akasema, "Baba."

Hapo mtu wa kawaida angelala. Mimi nikaendelea kukitazama kile kijiti.

Kilikuwa na ufa mwembamba upande mmoja, na ganda lake limejikunja. Mjomba alikikata kwenye mti mbichi. Kilikaa kwa yule mama wa dagaa, kikakaa juani, kikakauka. Mti ukikauka unasinyaa. Je, nilikuwa nimepima bunduki, au nilikuwa nimepima jua?

Nikakitumbukiza kwenye beseni la maji. Kesho yake kilikuwa kimenenepa. Si sana, lakini risasi na kitambaa chake havikufikia tena unene wake.

Nikapata nafuu, mjue. Nikasema jibu ni rahisi: Papa Ramazani aipanue kalibu kidogo, au mjomba atumie kitambaa kizito. Nilishavaa viatu nirudi Cibitoke. Mlangoni nikasimama.

Kalibu ni ileile. Babu aliitumia na bunduki hiyohiyo maisha yake yote, na kitambaa kilikuwa kinashika. Kama leo risasi ya babu inacheza, basi aliyebadilika ni mtutu. Kutu imekula kwa ndani, kisha mchanga wa mjomba ukamalizia. Tundu halikupanuka bure. Ule upana umetoka kwenye chuma kilichokuwa kinamkinga mtu.

Nimekuwa natafuta saizi ya risasi, kumbe ningepaswa kuuliza ukuta wa mtutu umebaki kiasi gani. Hakuna saizi inayojibu hilo.

Nikampigia mjomba.

"We Mama Diplome," akasema, "unafikiri mupaka chai inapoa. Baba aliangusha nguruwe na hii bunduki, we haujazaliwa."

"Mtutu ulikuwa mnene, mjomba."

"Sasa nimusindikize Baba na mbuzi ya soko?"

"Ndiyo, mjomba. Tafadhali."

Nikasikia kuku nyuma yake. "Apana," akasema. "Hiyo kalibu ni ya urithi yangu. Ilete, nitamimina mwenyewe." Akakata.

Na kweli ni urithi wake. Mama naye akasema, "Usimunyime kaka yangu kitu ya baba yake." Nikimnyima, nimemwibia siku ya matanga. Nikimpa, huenda tukafunga matanga mawili.

Funzo nililopata, wakuu: ukiletewa kipimo, uliza kilikatwa kikiwa kibichi au kikavu. Na kitu kisipotosha, usikimbilie kukiongeza; uliza kwanza ni nini kilichopungua.

Ambao koo zenu zina desturi hii, mlifanyaje silaha ya mzee ilipochoka? Hata wa kunitukana karibuni, nitasoma yote.

Ila jambo lenyewe nimeshalifanya. Ile risasi ya majaribio niliirudisha kwenye chungu cha Papa Ramazani. Kisha nikamwomba atoe ule msumari unaoshikilia vichwa viwili vya kalibu. Mzee aliniangalia, hakucheka, akaugonga ukatoka.

Nusu moja ya kalibu nimempa yule mama wa dagaa, ameshavuka nayo. Mjomba ataishika, ni ya baba yake kweli.

Nusu nyingine nimeirudisha chini ya kitanda cha babu.