Vishimo vya Juu ya Macho

Mimi ni mtu wa Dodoma, na mtu wa Dodoma akionyeshwa shamba huuliza maji kwanza. Kwa hiyo lawama ya ardhi ile naibeba mwenyewe. Mume wangu alikuwa ameipenda ploti nyingine, ya juu kilimani, kavu, yenye mawe na upepo usiokwisha. Niliiponda njia nzima mpaka tulipoingia Johannesburg. Nilitaka ile ya bondeni, yenye bwawa na majani yanayofika kiunoni, ambayo ilikuwa inauzwa karibu nusu ya bei ya zile za jirani. Hatukujiuliza kwa nini. Au niseme kweli: yeye alijiuliza, mimi nikamwambia aache uchuro.

Muuzaji alituonyesha mipaka akiwa ndani ya gari, kioo amekiteremsha kidogo, injini inanguruma. Palikuwa na mabanda manne ya farasi, mazuri, ya matofali, na ndani hamkuwa na hata unyasi mmoja. Jirani, mama mmoja wa Kizungu anayefuga kuku, alikuja kwenye uzio kutusalimia, akauliza tunataka kufuga nini. Mume wangu alipojibu ni farasi, yule mama aliyatazama mabanda, akalitazama bwawa, halafu akasema kwamba yeye huuza mayai kila Alhamisi. Sikupenda namna alivyogeuza mazungumzo. Nikanunua mayai.

Baba yake mume wangu alitunza farasi wa Mzungu huko Free State maisha yake yote. Aliwalisha, akawazalisha, akalala nao bandani wakiugua, na hakuwahi kumiliki hata mkia. Mume wangu alikimbilia uhamishoni akiwa kijana, tukakutana Morogoro, tukaoana, na nchi yao ilipofunguka nikamfuata huku. Miaka yote tuliyokaa Rosettenville, mtaa wa huko Johannesburg, yeye akiwa mlinzi na baadaye msimamizi wa walinzi, hakuchoka kuongea farasi. Alipostaafu hakutaka gari jipya wala safari. Alitaka farasi jike mmoja azae, na mtoto huyo awe wa kwanza kuzaliwa mikononi mwa ukoo wao bila kuwa mali ya mtu mwingine. Nilimtania sana kwa hilo, nikamwita bwana jockey, lakini nilimwelewa.

Tulimpata jike mwekundu, mfupi, wa aina ya wale wanaopanda milima ya Lesotho, tayari ana mimba. Angezaa mwezi wa tisa. Mume wangu alianza kutembea kama kijana.

Mvua za mwaka huo zilikataa kuisha. Bwawa lilipanda, likameza nguzo za uzio, likaanza kusogelea mabanda kidogo kidogo. Jioni visubi viliinuka kutoka majini, vidogo kiasi kwamba huvioni mpaka vimekuuma shingoni. Mume wangu alinieleza mara moja tu, bila kucheka: nchi hii ina ugonjwa unaoua farasi, na wanaoubeba ni hao visubi. Farasi aingie bandani kabla jua halijazama, asitoke mpaka jua limekolea. Chanjo tuliitafuta, tukaambiwa imeisha, tusubiri. Tukasubiri. Nilianza kulichukia lile bwawa nililolichagua kwa mdomo wangu mwenyewe. Niliogopa, na sikumwambia, kwa sababu sikujua ningeanzia wapi.

Kila asubuhi, kabla ya chai, aliingia bandani na kuweka kidole gumba kwenye kishimo kilicho juu ya jicho la farasi, kulia kwanza, halafu kushoto. Farasi wote wana vishimo hivyo, kila upande kimoja. Nikamuuliza anafanya nini.

"Namsalimia," akasema.

Nikaridhika. Alifundishwa na baba yake tangu utotoni, na nadhani haikumpitia akilini kwamba kuna mtu mzima asiyejua maana yake.

Mwezi wa tatu shangazi yake alifariki huko Free State. Mume wangu aliondoka Ijumaa kwenda kuzika. Alisimama mlangoni na begi lake, akanirudia maagizo kama mtoto wa shule anayekariri.

"Mwingize mapema, mtoe kwa kuchelewa. Sharp?"

"Sharp, baba watoto. Nenda ukazike."

Jumapili asubuhi nilimkuta farasi amebadilika. Vile vishimo havikuwepo tena. Juu ya macho palikuwa pamejaa, laini, na mashavu yamekuwa ya duara. Jamani, nilifurahi! Kwetu ukikutana na mtu baada ya muda ukamwambia amenenepa, umemsifu: kwake wanakula, kwake kuna amani. Hata ng'ombe, baba yangu alikuwa akiwatazama uso kwanza, na uso uliojaa ulimfanya apige mluzi. Nikajisemea kwamba mimba imemkubali huyu. Nilimpa karoti, akazinusa na kuziacha. Nikasema hayo ni madeko ya wenye mimba, hata mimi nilikuwa hivyo.

Mchana walikuja rafiki zangu wawili kutoka Rosettenville, wametoka kanisani, bado na vitenge vyao vya Jumapili. Mmoja ni fundi cherehani, Mkongo wa Bukavu, mwingine msusi wa Tanga. Nikawapeleka bandani kabla hata hawajanywa maji.

"Mama, farasi yako inanona!" akasema yule fundi. "Iko muzuri sana. Vraiment!"

"Kanawiri huyu, shoga," akasema msusi. "Hebu mtoe basi tumwone akitembea."

Nikamtoa. Nilimfunga kamba ndefu, nikamzungusha uwanjani alivyokuwa akifanya mume wangu. Wakatoa simu wakarekodi. Msusi akaniambia nimkimbize, nami nikamkimbiza. Kwenye mzunguko wa tatu farasi alisimama. Alikuwa ameloa jasho na mbavu zinapanda na kushuka haraka mno. Nikaivuta kamba. Sikutaka kuaibika mbele ya wageni, ndiyo sababu, sina nyingine. Akajikokota, akakimbia tena, na wale wakapiga vigelegele.

Saa kumi na moja jioni, wageni wameshaondoka na farasi yuko ndani, mume wangu akapiga simu.

"Anakula?"

"Anadeka kidogo. Lakini amenawiri, baba watoto, ungemwona! Uso umejaa, hata vile vishimo vya juu ya macho vimefunikwa."

Nyuma yake niliwasikia watu wa msibani wakiimba.

"Vyote viwili?"

"Vyote viwili."

"Eish," akasema polepole. "Mama, hapo si kunona. Hapo ni kuvimba. Huo ndio ugonjwa. Asitoke, asitembee hata hatua moja. Nakuja."

Nilikaa kwenye ndoo mbele ya mlango wa banda nikimtazama. Alikuwa ameinamisha kichwa karibu na sakafu na hakunigeukia nilipomwita. Visubi vilikuwa vinaingia na kutoka juu ya mlango.

Mume wangu alifika Jumatatu asubuhi, bado na viatu vya mazishi. Daktari wa mifugo aliingia nyuma yake. Farasi alikuwa anapumua kwa shida, povu jeupe linatoka puani. Daktari alimsikiliza moyo kwa muda mrefu. Alisema wanaovimba uso hivi si wote wanaokufa, wengine hupona wenyewe, mradi waachwe watulie kabisa, maana moyo unakuwa umezingirwa na maji. Akikimbizwa tu, basi. Akauliza kama kuna kazi yoyote amefanyishwa siku mbili hizi.

Mume wangu akanigeukia.

"Mama, ulimkimbiza?"

Sauti yake haikuwa ya kunishtaki. Ilikuwa ya kuniomba.

"Hapana," nikasema. "Alikuwa bandani tu."

Alikufa kabla ya saa saba mchana, na kile alichobeba tumboni. Mume wangu alikuwa amekaa kwenye majani makavu, kichwa cha farasi kikiwa mapajani mwake, na alikaa hivyo mpaka trekta la kuchimba lilipofika. Shimo la kwanza lilijaa maji kabla halijafika kina cha kutosha. La pili nalo pia. Ikabidi tumvute mpaka pembeni kabisa, karibu na uzio wa mama wa kuku, ambaye alisimama mlangoni kwake akitutazama. Wakati wanafukia, niliingia nyumbani nikawapigia rafiki zangu, mmoja baada ya mwingine, nikawaomba wafute zile video. Hawakuniuliza kwa nini.

Hajanunua farasi mwingine. Wageni wakija huwasimulia habari za yule jike mwekundu, na akifika mwisho husema, "Mke wangu alimtunza. Alimpumzisha vizuri, alifanya yote. Ugonjwa ulikuwa mkali tu." Kisha hunishika mkono mbele za watu, na mimi namwacha aushike.